Mkamuaji Aliyeacha Maziwa

Walimwita Fundi Ndama, na wasiomjua walidhani ni daktari wa mifugo. Hakuwa daktari wa chochote. Alikuwa mkamuaji, mtu wa ndoo na kigoda, aliyeingia zizini akiwa kijana wa miaka kumi na tisa na sasa amefika hamsini na saba, goti moja limegoma lakini vidole vyote kumi bado vinafanya kazi. Jina hilo lilitokana na kazi yake ya pembeni, kazi ambayo katika mashamba yote ya jirani hakukuwa na aliyeiweza kama yeye.

Ng'ombe akifiwa na ndama, mara nyingi huzuia maziwa. Utamkanda kiwele kwa maji ya moto, utambembeleza, utampigia mluzi, naye atakupa vikombe viwili vya kukunyamazisha na mengine atabaki nayo. Hapo ndipo fundi anapoitwa. Fundi humchuna yule ndama aliyekufa, huipaka ngozi chumvi na majivu, huianika kivulini mpaka ikauke, kisha huijaza majani makavu na kuishona kwa sindano ya magunia. Miguu haina haja, kwani anakwenda wapi? Kichwa kinatosha kuwa gunia lililokunjwa ndani ya ngozi. Mgongoni inanyunyizwa chumvi kidogo. Wakati wa kukamua, kitu hicho kinawekwa mbele ya mama yake. Mama anakinusa, anakilamba, na maziwa yanashuka.

Kukamua kukiisha, ndama wa majani anarudishwa stoo na mlango unafungwa mpaka saa tisa alasiri. Hiyo ndiyo sheria, na Fundi Ndama aliipokea kutoka kwa mkamuaji aliyemfundisha kazi, ambaye aliisema huku akimpiga kofi la kisogo ili isimtoke: usimwachie ng'ombe ndama wa majani. Akikaa naye mchana kutwa atamtoboa kwa ulimi, au atamchoka, na ukimleta tena hatamtazama.

Kwa miaka thelathini na minane alikuwa ameshona ndama zaidi ya sitini. Tusimlaumu mapema. Kuna watu hushona magauni ya harusi ambazo ndoa zake hazimalizi mwaka, na hakuna anayewauliza. Yeye mshono wake ulikaa miezi saba bila kufumuka, na alijivunia. Akipita kwenye zizi la mtu na kumwona ng'ombe akilamba kazi yake huku ndoo ikijaa povu, alitembea wima kama hana goti bovu.

Aliishi mwisho wa shamba, nyuma ya stoo ya pumba, katika vyumba viwili alivyopewa pamoja na kazi. Ndani mlikuwa na kitanda, jiko la mafuta ya taa, meza moja na viti viwili. Kiti cha pili kilikaliwa na redio. Mke wake alikuwa amefariki miaka tisa iliyopita. Walijaliwa mtoto mmoja tu, binti, ambaye alisoma, akapata kazi ya kupokea wagonjwa kwa daktari wa meno katika mji ulio safari ya kutwa nzima kwa basi, akaolewa huko huko, akazaa watoto wawili. Mara ya mwisho kuja kumwona baba yake ilikuwa miaka minne nyuma. Hawakugombana. Ingekuwa afadhali wangegombana, maana ugomvi una siku ya kupatanishwa. Wao walikuwa na shughuli tu: mtoto anaumwa, mume anasafiri, likizo imeahirishwa, tutaona mwezi ujao. Baba mtu alisema kila mara, "Haya mama, usijali, kazi kwanza," akakata simu na kubaki ameishika.

Yeye mwenyewe hakuwa akipiga. Si kwamba hakutaka. Kila akiishika simu alijiuliza atasema nini. Ng'ombe hawajambo? Goti linauma? Mtu hampigii mwanawe aliye kazini kumwambia kwamba redio imebadilishiwa betri. Kwa hiyo alingoja apigiwe, na alikuwa bingwa wa kungoja.

Sasa zizini kulikuwa na ng'ombe kumi na wawili, na mmoja wao, mweusi mwenye doa jeupe kwenye nyonga, aliitwa Wifi. Jina hilo alipewa na Fundi Ndama kwa sababu alikuwa akimtazama mtu kwa pembe ya jicho kama aliyekuja kukagua usafi wa nyumba. Dada yake Fundi, mdogo wake wa kike anayekaa mtaa wa pili kutoka shambani, alilipenda mno jina hilo. "Kaka, wifi yangu hajambo?" aliuliza kila Jumapili. "Mwambie nangoja mahari." Na kila Jumapili alicheka mwenyewe kabla ya wengine.

Mwezi wa tatu Wifi alizaa, na ndama akafa siku ya nne. Fundi akafanya kazi yake. Ilikuwa kazi nzuri, mshono wa tumboni hauonekani, doa jeupe la nyonga limekaa mahali pake, maana mtoto alimfuata mama. Wifi alimkubali siku ile ile ya kwanza. Kwa wiki sita maziwa yalishuka asubuhi na alasiri bila matata.

Asubuhi moja, baada ya kukamua, Fundi alikuwa akivuka ua na ndama wa majani kwapani, anaelekea stoo, simu ikalia. Alikuwa ni binti yake. Akamweka ndama chini, kando ya ukuta, akaifuta mikono kwenye suruali.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba mama! Marahaba! Hamjambo huko? Wajukuu zangu?"

"Hawajambo. Baba, nilikuwa nataka tuongee kidogo, leo nina nafasi. Ila subiri, kuna mgonjwa ameingia. Nakupigia baada ya dakika kumi, sawa?"

"Sawa, sawa. Mimi nipo."

Nyumbani kwake mtandao ulishika mahali pamoja tu, kwenye dirisha la chumba cha mbele. Fundi akaondoa redio kwenye kiti, akakisogeza dirishani, akakaa, simu mkononi. Leo nina nafasi, ndivyo alivyosema. Akaanza kupanga atakayomwambia. Atamwambia habari za shangazi yake na utani wake wa mahari. Atamwuliza kama yule mjukuu mdogo ameanza kusoma herufi. Dakika kumi zikapita, zikapita nyingine thelathini. Wagonjwa wa meno ni wengi, akasema. Mvua ikaanza, kwanza matone, kisha ikamwagika hasa, na yeye akaona afadhali, kwa sababu mvua itampa sababu ya kukaa ndani. Akakaa mpaka saa sita mchana. Simu haikulia.

Ndipo akakumbuka kwamba hakufunga stoo, na kwamba ndama alimwacha uani.

Akatoka mbio, gunia kichwani. Ng'ombe kumi na mmoja walikuwa chini ya paa, wanacheua, wamekaa kama wageni waalikwa. Wifi alikuwa nje peke yake. Alisimama kando ya ukuta juu ya yule ndama wa majani, miguu miwili huku na miwili huku, mvua inampiga mgongoni na kumtiririka mbavuni. Majani yalikuwa yamelowa na kuvimba, mshono wa tumboni umefumuka. Naye alikuwa ameinamisha shingo, anamlamba. Fundi alisimama akatazama muda mrefu, maana alikuwa anaijua kazi yake na alikuwa anatafuta maelezo. Chumvi, akasema moyoni. Anafuata chumvi. Lakini chumvi ilikuwa imekwenda na maji zamani. Mvua ya saa tatu haiachi hata punje.

Aliona haya. Hakuona huruma, au hakuanza nayo. Huruma angeimaliza pale pale kwa kumsugua mgongo kwa majani makavu na kumpa pumba. Haya haikuwa na pa kwenda. Mikono iliyoshona kile kitu ilikuwa hii hii, na mtu mwenyewe alikuwa ametoka kukaa dirishani saa nne nzima akingoja dakika kumi. Hakuhitaji kuelezwa ng'ombe anafanya nini pale. Alijua kabisa.

Alimshona tena siku ile ile, kwa sababu kiwele kilichojaa kinauma na Wifi hakuwa na mwingine wa kumshushia. Saa tisa akamkamua kama kawaida. Lakini ilipofika magharibi akachemsha maziwa yake ya posho, lita moja na nusu kwa siku, akayatazama yakiweka utando, na mkono ukakataa kuinua kikombe. Akayabeba mpaka stoo akampa paka. Paka hakuuliza sababu.

Hivyo ndivyo alivyoacha maziwa, mtu ambaye nguo zake zote zilinuka maziwa. Baada ya maziwa yakafuata mtindi, siagi na samli, kwa sababu hizo ni maziwa yaliyobadili nguo. Nyama ilifuata Jumapili iliyofuata, bila yeye kupanga. Mayai yakafuata nyama. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, naye alikwisha vua. Hakuwa na maneno makubwa juu ya jambo hilo. Hakutaka kumwongoza mtu wala kumlaumu mtu, na asubuhi iliyofuata alikuwa kwenye kigoda chake kama kawaida, maana katika umri ule ungemtoa zizini ungempeleka wapi? Alichojua ni kwamba hatashona mwingine, na kwamba hatakula tena kilichotoka kwa mama wa mtu. Mwenye shamba la jirani alipomletea ndama aliyekufa kwenye toroli, alisema macho yake hayaoni tundu la sindano. Ulikuwa uongo wa kwanza. Wa pili ulikuwa mkubwa zaidi.

Ulizaliwa mezani kwa dada yake. Dada alimwekea sahani kama kawaida, wali na mchuzi wa nyama, kipande kikubwa juu, kile ambacho mume wake, fundi wa magari, alikuwa amekipigia hesabu. Fundi Ndama akala wali wa pembeni, ule usioguswa na mchuzi, akasukuma sahani.

"Kaka, hukuipenda?"

"Nimeipenda."

"Mbona umeichungulia tu?"

Angesema nini? Kwamba ng'ombe amelowa mvua? Wangecheka mpaka mwakani, na ili waelewe ingebidi aanzie dirishani, aseme alikuwa anafanya nini pale tangu asubuhi. Bora afe. Alifikiria kusingizia meno, akakumbuka binti yake anafanya kazi wapi. Likabaki tumbo.

"Daktari amenikataza," akasema.

"Amekukataza nini?"

"Nyama. Maziwa. Mayai. Samli."

"Daktari gani huyo, adui yako?" Dada akaweka kijiko chini. Utani ukamwisha usoni. "Kaka, una nini? Niambie ukweli. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Sina kitu. Tumbo tu."

Maskini, methali ile haikuwa imetungwa kwa mtu kama yeye, anayeficha uzima. Kwa kweli hajawahi kuwa mzima kama siku zile. Wiki mbili za kwanza alikula mkate na chai ya rangi akakonda, lakini baadaye akajifunza kupika dengu kwa karanga, maharage kwa nazi, mchicha kwa vitunguu vingi. Hata goti lilipunguza kelele. Lakini habari ilikwisha toka mezani. Dada yake akampigia binti, na alipofika kwa binti ugonjwa ulikuwa umekwisha pandishwa cheo: si tumbo tena, ni ini. Na baba amebaki mifupa.

Jioni ile ile simu ililia dirishani.

"Baba, kwa nini hukuniambia?"

"Si jambo kubwa mama."

"Umekula? Umelala saa ngapi jana? Unasikia maumivu wapi?"

Walizungumza dakika ishirini na sita. Kesho yake akapiga tena. Na kesho kutwa. Akampa mjukuu mdogo simu, mjukuu akasoma herufi zote mpaka mwisho bila kuruka hata moja, na babu akapiga makofi peke yake chumbani. Kwa wiki tatu ilikuwa hivyo, saa kumi na mbili na nusu jioni, kila siku ya Mungu. Fundi Ndama alianza kunyoa ndevu kabla ya saa hiyo, kana kwamba simu ina macho.

Alijua anachofanya. Asubuhi, akiwa kwenye kigoda, aliapa jioni atasema. Jioni binti akisema, "Sauti yako leo ina nguvu kidogo, baba," yeye aliishusha ile sauti. Hakuwahi kukohoa kwa makusudi. Alikohoa mara moja tu, tena kidogo. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na hii ilimalizikia mlangoni kwake, Jumatano, saa moja jioni, binti akiwa na begi mabegani na mfuko kila mkono.

Alikuwa amenenepa kidogo. Alikuwa na mvi mbili juu ya sikio, huyu ambaye baba yake alikuwa bado anamhesabu kama msichana. Akamkumbatia, kisha akamshika mabega akamtazama, akatafuta ugonjwa usoni, na kwa kuwa anayetafuta hakosi, akauona.

"Umekwisha, baba," akasema, na machozi yakamtoka.

Kwenye mfuko mmoja mlikuwa na makopo sita ya maziwa ya unga ya wagonjwa. Kwenye mwingine mlikuwa na mifupa ya ng'ombe. Asubuhi yake akapika supu kwenye lile jiko dogo tangu saa mbili mpaka saa saba, akaondoa redio, akakaa kwenye kiti cha pili, akamsogezea baba bakuli. "Daktari wako hajui kitu. Ini linataka nguvu. Kunywa nikikuona."

Fundi Ndama akalitazama bakuli. Akamtazama binti. Kiti kile hakijakaliwa na mtu mwingine kwa miaka minne. Akainua kijiko, akanywa, akamaliza yote. Tusimcheke, kuna njaa ya namna nyingi. Binti akampa pole, akamwekea kiganja kwenye paji la uso kupima homa, akakiacha pale muda mrefu kuliko inavyohitaji homa. Baadaye baba mtu alikwenda nyuma ya stoo akaitapika yote majanini, akanawa, akarudi akiwa ameshika mswaki.

Kesho yake binti akaeleza mpango. Amekwisha ongea na mume wake. Chumba cha watoto kimeondolewa kitanda kimoja, watalala pamoja, na babu atakaa mle. Kuna daktari mkubwa wa ini, babu ameandikishwa kumwona Jumanne. Akipona asirudi, arudi kufanya nini? Mtu wa miaka hamsini na saba anakaa nyuma ya stoo ya pumba kama jembe.

"Unasemaje, baba?"

Kila alichokitaka kilikuwa kimewekwa mezani: chumba, mlango wenye watoto nyuma yake, sauti ya mwanawe akigombana na sufuria kila asubuhi. Alichotakiwa ni kunyamaza tu, na kunyamaza alikuzoea. Daktari angepima, asingeona kitu, angesema labda ni uzee, na wakati huo yeye angekuwa amekwisha kuingia ndani. Alipiga hesabu hiyo usoni pa mwanawe, akakubali kwa kichwa. Binti akashusha pumzi akaanza kukunja nguo.

Alikunja mashati mawili. La tatu lilikuwa lile la kahawia, la mazishi ya mama yake. Akakaa nalo kitandani, mgongo kwa baba, mabega yakaanza kutikisika.

"Wiki tatu silali," akasema ndani ya shati. "Nikifumba macho naona simu ya shangazi imeingia. Kazini nimewaambia baba yangu anakufa, nikaomba ruhusa, bosi akaninyima, nikaja hivyo hivyo. Nimekaa miaka minne nasema mwezi ujao, mwezi ujao. Sasa nakuja kukuchukua ukiwa hivi. Mimi ni mtoto gani, baba?"

Fundi Ndama alisimama mlangoni. Machozi ya mwanawe yalikuwa ya kweli, na kilichowekwa mbele yake ili yashuke kilikuwa na majani tu ndani. Kazi hiyo aliijua kuliko mtu yeyote. Aliwahi kulipwa kwayo.

"Mama," akasema. "Liweke hilo shati. Mimi siumwi."

Binti hakugeuka. "Usinifariji, baba."

"Siumwi. Sijaenda kwa daktari yeyote. Sina ini bovu, sina tumbo bovu. Nilimdanganya shangazi yako, na wewe uliponipigia nikaona ni tamu, nikaendelea."

Akageuka. Baba mtu akamweleza yote akiwa amesimama pale pale, tangu siku ya dakika kumi. Hakuliruka dirisha. Alieleza mvua, na Wifi, na chumvi iliyokwisha, na kikombe cha maziwa alichompa paka. Alieleza vibaya, anarudi nyuma, anasahau kitu, kwa sababu hakuwahi kueleza jambo refu hivyo kwa mtu. Alipofika kwenye supu ya jana, binti akamkatiza.

"Ulikunywa."

"Nilikunywa."

"Yote."

"Ulikuwa umekaa pale, unanitazama."

Binti akaliweka shati chini. Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha, kisha hasira ikampanda. "Nimewaacha watoto wangu! Labda na kazi sina! Nikawaambie watu nini, kwamba baba yangu alikuwa amehuzunishwa na ng'ombe?"

"Waambie nimepona."

"Hii si mizaha, baba! Ungesema tu. Ungenipigia ukasema mwanangu njoo, nataka kukuona. Kwa nini hukusema njoo?"

"Ungekuja?"

Swali hilo hakulitoa kwa ubishi. Alitaka kujua. Binti akalikunjua shati moja alilokuwa amelikunja na kuanza kulikunja upya. Nje ng'ombe walianza kuita, maana saa tisa ilikuwa imekaribia, naye baba mtu akachukua ndoo akaenda kukamua.

Binti aliondoka kesho yake kwa basi la asubuhi. Kitanda cha watoto kingerudishwa mahali pake; hakuna aliyelitaja jambo hilo. Makopo ya maziwa akayapeleka kwa shangazi yake, na kwa sababu hiyo shangazi naye akaujua ukweli, akaja shambani mbio amefunga kanga juu ya nguo za jikoni. "Umenifanya mwongo mji mzima! Nimekuombea mpaka magoti yakachubuka! Na kuku je, naye umemwona akilowa?" Lakini Jumapili alimwekea sahani yenye maharage, akaiweka chini kwa kishindo, na huo ndio ulikuwa msamaha wake. Watu wa mezani walimtania kwa muda, kisha wakachoka. Alirudi kuwa mtu wa kawaida, mzima, asiye na habari.

Simu za jioni zilikoma. Binti alituma ujumbe wa kufika salama, na mwingine kusema kazi haijapotea, amepewa onyo tu. Basi. Fundi Ndama aliendelea kunyoa ndevu kwa siku kadhaa, halafu akaacha. Alikaa dirishani kwa mazoea, sahani ya dengu mapajani, akitazama ua. Aliyoyafanya hakuyajutia, hata moja, isipokuwa ile supu. Lakini upweke wa zamani alikuwa ameuzoea, na huu ulikuwa mpya, kwa kuwa sasa alijua hasa sauti ipi haipo, na inakosekana saa ngapi.

Jioni ya siku ya kumi na tisa aliishika simu akajiuliza, kama kawaida, atasema nini. Hakupata jibu. Akapiga hivyo hivyo.

Ilipokelewa mara moja. "Baba! Kuna nini? Unaumwa?"

"Hapana. Mimi mzima."

"Shangazi je?"

"Mzima. Wote wazima. Hakuna kitu, mama."

Nyuma ya binti zilisikika sahani na mtoto anayelalamika. Fundi alifikiri atasikia sasa kwamba kuna mgonjwa, au chungu kinaungua, au nakupigia baada ya dakika kumi, na alikuwa amejiandaa kusema haya mama, usijali.

"Kwa hiyo umepiga tu," binti akasema.

"Nimepiga tu."

Akasikia maji ya bomba yakifungwa. Akasikia kiti kikiburutwa sakafuni, na mwanawe akikaa.

"Haya," akasema. "Nimekaa, baba. Leo umekula nini?"